Siku 80 za kidonda: namna Maniema ilivyotunza wagonjwa

Ukipita asubuhi nyuma ya hospitali yoyote ya kwetu, Kibombo au Kindu, utaona moshi wa kuni. Ni jamaa za wagonjwa wanapika. Mmoja anachemsha maji, mwingine anafua mashuka, wa tatu anamsaidia mzee ageuke upande. Muuguzi, ambaye kwetu watu wanamwita tu munganga, anafunga kidonda na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Kazi inayobaki, mchana na usiku, ni ya wale wanaolinda mgonjwa. Vijana wengi wanafikiri kwamba desturi hii ni ya umaskini tu. Sisi tunaona iko na mizizi mirefu, na historia ya jimbo letu inatuonyesha.

Habari ya kidonda iliyoandikwa vizuri zaidi katika Maniema ya zamani haitoki Kibombo, inatoka Kabambare, upande wa mashariki. Ni habari ya David Livingstone, ambaye kila mtoto wa shule anamjua kama msafiri. Wengi wanasahau kwamba alikuwa daktari, aliyepata cheti chake Glasgow mwaka 1840. Lakini alipofika Kabambare mwezi wa Septemba 1869 alikuwa daktari bila dawa, maana sanduku lake la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka mwezi wa Januari 1867.

Mwezi wa Juni 1870 alijaribu kwenda upande wa kaskazini. Watu wake wengi walikataa, akabaki na watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Matope na mvua vilimharibu miguu. Tarehe 22 Julai alirudi Kabambare na vidonda vitatu, akaingia ndani ya nyumba. Hakutoka mpaka tarehe 10 Oktoba. Ni siku 80.

Kidonda hicho Waswahili wa pwani wanakiita donda ndugu, sisi tunasema tu kilonda kibaya. Leo inajulikana kwamba kinaanza na mkwaruzo mdogo, mara nyingi chini ya goti, kisha vijidudu vya aina mbalimbali vinaingia pamoja na kula nyama. Kinampenda mtu mwenye njaa na mwenye kuchoka. Livingstone aliandika kwamba akiweka mguu chini, damu na maji vilitoka, na usiku maumivu yalimnyima usingizi.

Katika maandishi yake tunapata pia dawa za wakati ule, na hapo ndipo sisi tunapaswa kusoma kwa makini. Wenyeji walikuwa na njia yao: kushikilia kidonda kwa jani gumu au kipande cha kibuyu. Waarabu walichanganya nta ya nyuki na chumvi ya shaba, wakaipaka ikiwa ya moto, kisha wakafunga kwa kitambaa. Livingstone hakufurahia njia hizo. Kibuyu kilimsumbua, na kitambaa kilichokazwa kilizuia usaha kutoka. Kilichomsaidia mwisho ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba: lilisagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, na kupakwa kwa unyoya wa ndege.

Tusicheke njia hizo, tena tusizisifu bila kufikiri. Shaba kweli inaua vijidudu, hilo leo limethibitishwa. Lakini mawe ya kusaga nyumbani yanaweza kuleta sumu na uchafu, kwa hiyo mtu asiyaige. Jani na kibuyu vilikuwa na wazo sahihi, kwamba kidonda kinahitaji kufunikwa na kushikiliwa. Kosa lilikuwa ugumu wake. Na nta ya moto inatufundisha jambo ambalo wauguzi wanafundishwa mpaka leo: kidonda chenye usaha hakifungwi kwa kukazwa, lazima uchafu upate njia.

Lakini jambo kubwa liko pengine. Livingstone aliandika pia kwamba kilio cha watumwa wenye vidonda hivyo kilikuwa sauti ya kila usiku katika kambi. Vilikula nyama, mishipa na mfupa. Wengi walibaki vilema, wengi walikufa. Kidonda kilikuwa kile kile, nchi ile ile, na hata dawa ya shaba ilikuwa karibu. Sasa tofauti ilikuwa nini? Sisi tunasema: tofauti ilikuwa ruhusa ya kulala. Mmoja alikaa ndani siku 80, mguu haukuguswa na njia, na alikuwa na watu wake karibu. Mtumwa aliyefungwa hakuwa na siku hata moja. Asubuhi alipaswa kutembea na mzigo, na tumbo tupu. Huyo hakuuawa na kilonda peke yake.

Kwa sababu hiyo kulinda mgonjwa si kazi ndogo. Anayemwambia mwenzake “lala, mimi nitapika” anampa kile ambacho mtumwa alinyimwa.

Baadaye njia zilibadilika. Reli ya kutoka Kindu kwenda Kongolo, inayopita Kibombo, ilijengwa kabla ya vita vya 1914, na kipoyi kikaanza kuacha nafasi kwa gari la moshi. Wabelgiji walifundisha wauguzi na wasaidizi wa daktari, lakini mwaka 1960, siku ya uhuru, nchi haikuwa na daktari Mkongo. Madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka, muuguzi ndiye aliyebaki na mgonjwa. Na vita vya 1996 mpaka 2003 vilipoharibu usafiri wa reli na biashara, dawa zilikuwa chache tena. Watu walichemsha vitambaa vya zamani na kufunga navyo. Daktari bila dawa alirudi, na mlinzi wa mgonjwa alibaki mahali pake.

Basi anayelinda afanye kazi yake na ujuzi. Kwanza anawe mikono kwa sabuni, kabla na baada. Maji ya kuosha kidonda yachemshwe, yapoe. Kitambaa kiwe safi, na kama kimeshika nyama, kiloweshwe kwanza, kisivutwe kwa nguvu. Udongo, majivu na mavi ya ng'ombe visiguse kidonda, maana vinaweza kuleta pepopunda. Na mgonjwa aulize kama chanjo yake ya pepopunda bado inafaa. Mguu uinuliwe juu ya mto. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, la sivyo mgongo utaota vidonda vipya. Apate chakula cha nguvu: maharagi, samaki, mayai, sombe yenye mawese. Na wekundu ukienea, nyama ikiwa nyeusi, harufu ikizidi, homa ikipanda, au kidonda kikimaliza wiki mbili bila kupungua, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Hakuna hata kimoja hapo kinachodai mashine. Kinachodaiwa ni maji, moto, kitambaa, chakula, na mtu wa kukaa. Hospitali zetu zikipata mali, na tunaomba zipate, wauguzi waongezwe, dawa zijae. Lakini yule anayegeuza mzee upande asiondolewe. Afundishwe, na apewe mahali pazuri pa kupika.