Aliyepingwa kwa miaka sita

Mwaka 1964 mtaalamu kijana wa Marekani, Howard Temin, alitoa hoja ambayo wenzake wengi waliikataa, na wengine wakambeza.

Wakati ule wengi waliamini kwamba maagizo ya uhai hufuata njia moja tu. DNA ni kama daftari kuu linalotunzwa ofisini. RNA ni nakala inayotolewa humo na kupelekwa kwa mafundi watengenezao protini. Nakala haikutazamiwa kurudi ofisini na kuandika daftari.

Temin alikuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku, ambavyo habari zake zilitolewa na Peyton Rous mwaka 1911. Virusi hivyo vina RNA, wala havina DNA. Hata hivyo, seli ikishageuzwa navyo, huzaa seli za namna ileile, kizazi hata kizazi. Temin akajiuliza: yatawezekanaje hayo kama virusi havikujiandika katika daftari lenyewe? Hoja ilikuwa nzito, bali ushahidi ulikuwa haba. Akarudi maabara.

Ilipofika mwaka 1970, yeye na Satoshi Mizutani huko Wisconsin, na David Baltimore huko Massachusetts, kila upande kwa kazi yake, walikipata kimeng'enya kinachosoma RNA na kuandika DNA. Kilikuwamo ndani ya virusi vyenyewe! Mwaka 1975 Temin na Baltimore, pamoja na Renato Dulbecco, wakapewa Tuzo ya Nobel.

Huenda msikilizaji akauliza: ugonjwa wa kuku watuhusu nini? Mwaka 1983, wataalamu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walivitambua virusi vya UKIMWI kwa kufuata dalili za kimeng'enya cha aina hiyohiyo. AZT, dawa ya kwanza iliyoidhinishwa mwaka 1987, hukizuia kisiandike. Tenofovir na lamivudine, ambazo ndugu zetu wengi humeza kila siku, hufanya vivyo hivyo.

Lakini dawa hizo hazifuti yaliyokwisha kuandikwa katika daftari la seli. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asiache vidonge, hata akijiona mzima kabisa. Hilo si neno la kumtisha. Ni jambo lililoanza kufahamika kwa sababu mtu mmoja alipopingwa hakunyamaza, bali alitafuta ushahidi.