Ugomvi wa Shuruti: Mikutano ya Bima ya Wafanyakazi Kabla ya Brussels

Vijitabu vya mashirika ya hifadhi ya jamii vina desturi ya kuianzia hadithi Brussels. Tarehe 4 Oktoba 1927, wajumbe wa taasisi 17 kutoka nchi 9 walikutana katika mji huo, Shirika la Kazi Duniani likiwa mlezi wao, wakaunda chombo ambacho tangu 1947 kinajulikana kama ISSA. Kila baada ya miaka mitatu chombo hicho huwakutanisha wakuu wa mifuko ya pensheni, bima ya afya na fidia: Cape Town 2010, Doha 2013, Marrakech 2022. Tarehe ya Brussels ni sahihi. Hadithi yenyewe ndiyo iliyokatwa kichwa.

Kichwa hicho kiko Paris, mwaka 1889, katika maonyesho makubwa yaliyozaa mnara wa Eiffel. Pembeni mwa maonyesho uliitishwa mkutano wa kimataifa kuhusu ajali kazini. Baadaye ukafuata wa Bern mwaka 1891, Milan 1894, Brussels 1897, Paris tena 1900, Düsseldorf 1902, Vienna 1905 na Roma 1908. Kumbukumbu za mikutano hiyo zilichapishwa, lakini wanaozisoma leo ni wachache. Ni hasara, maana humo limo gombano ambalo halijaisha.

Awali, ajali ikitokea, mwajiri na mfanyakazi walikuwa wameachwa wapambane mahakamani. Aliyekatwa mkono na mashine alitakiwa kuthibitisha kwamba tajiri wake alikosea, na mashahidi walikuwa wafanyakazi wenzake, wanaokula kwa tajiri huyohuyo. Ujerumani ya Bismarck ilikata fundo hilo kwa sheria tatu: ya maradhi mwaka 1883, ya ajali 1884, ya uzee na ulemavu 1889. Katika ile ya ajali, waajiri wa kila sekta walifungwa pamoja katika chama chao kwa lazima, wakabeba michango yote. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi alilipwa theluthi mbili ya ujira wake, bila kuulizwa nani alikosea.

Serikali ya Kaiser haikushiriki rasmi maonyesho ya 1889, kwa kuwa yalikuwa sherehe ya miaka mia moja ya mapinduzi ya Ufaransa, na wafalme hawakuwa na hamu ya kusherehekea jambo hilo. Kwa hiyo Wajerumani walianza kutamba Bern. Huko, na tena Milan, alisimama Tonio Bödiker, rais wa kwanza wa ofisi ya bima ya dola ya Berlin, akiutetea mfumo wa kwao. Upande wa pili walikuwapo waliberali wa Ufaransa na Italia, wakiwemo Léon Say, waziri wa zamani wa fedha, na Luigi Luzzatti, mwasisi wa benki ya watu ya Milan. Waliberali hao waliamini vyama vya kusaidiana na akiba ya hiari. Mtu akishurutishwa, walihofu, moyo wake wa kujiwekea utakufa.

Hoja hiyo haistahili subira kubwa. Mchimba makaa ambaye ujira wake unaisha kabla ya wiki hana moyo wa akiba wa kuuawa. Tena walioitetea walikuwa wahandisi, watakwimu, mawakala wa bima na wenye viwanda. Waliovunjika mifupa hawakupewa kiti. Anayestahili kusikilizwa zaidi ni Émile Cheysson, mhandisi Mfaransa, na wenzake walioshikilia kwamba ajali ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile uchakavu wa mashine, na gharama yake ni ya biashara. Wazo hilo lilizaa sheria ya Ufaransa ya Aprili 1898: mwajiri analipa hata asipokuwa na kosa, ila ana uhuru wa kuchagua bima. Uingereza ilikuwa imetunga ya kwake mwaka mmoja kabla, nayo haikumlazimisha mwajiri kukata bima. Waswisi walifika mbali zaidi: Bunge lilipitisha bima ya lazima, wananchi wakaikataa kwa kura mwaka 1900, kisha wakaikubali nyingine mwaka 1912.

Kuna jambo ambalo kumbukumbu za mikutano hazilijadili. Sheria ya ajali ya Ujerumani ilitiwa saini Julai 1884. Novemba mwaka huohuo, Berlin ileile ilifungua mkutano wa kugawana Afrika. Wapagazi na manamba wa Afrika Mashariki ya Wajerumani hawakuwamo katika ukarimu huo.

Vita vya 1914 vilivunja mikutano. Kilichofuata, yaani Brussels, tamko la Philadelphia la 1944 na mkataba namba 102 wa mwaka 1952, yote ya Shirika la Kazi Duniani, kimeandikwa mara nyingi.

Afrika Mashariki ilirithi njia ya Waingereza. Sheria za fidia zilizotungwa Tanganyika na Kenya katika miaka ya 1940 zilimwachia mwajiri mzigo, na Tanzania ikabaki na viwango vilivyochakaa hadi fidia ya juu kabisa ikawa shilingi 108,000. Sheria mpya ya 2008 ndiyo iliyoleta Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mwajiri anachangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Bödiker angeutambua mfuko huo mara moja.

Kenya ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya 2007 inamtaka mwajiri akate bima kwa kampuni iliyoidhinishwa, na aliyekufa kazini hulipiwa mapato ya miezi 96. Mawakili waliipinga kortini, Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu mwaka 2009, na Mahakama ya Juu ikaihalalisha Desemba 2019. Nchi mbili jirani zilizorithi njia ileile ya Waingereza zimegawana kambi za Milan, na iliyo karibu zaidi na haki ni ile isiyomwachia mjane kazi ya kubishana na kampuni ya bima.