Sindano Tano za Yambuku

Kila mara ugonjwa utokao kwa wanyama unapotajwa katika nchi yetu, mazungumzo huelekea msituni: ni popo gani, ni tumbili gani, ni nyama ipi iliyoleta balaa? Swali hilo ni la haki. Lakini anayeisoma historia ya Ebola kwa makini ataona kwamba hatari hii ina milango miwili. Kwa mlango wa kwanza virusi hupita kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Kwa mlango wa pili hupita kutoka kwa mtu kwenda kwa jirani yake. Wa kwanza hufunguka mara chache, wala hatuuoni unapofunguka. Wa pili umo mikononi mwetu kila siku.

Mwishoni mwa Agosti 1976, nchi yetu ikiitwa Zaire, mwalimu mmoja wa shule ya misheni alifika katika hospitali ya Yambuku, upande wa Bumba, akiwa na homa. Alidhaniwa ana malaria, akadungwa sindano ya klorokwini. Hospitali hiyo, yenye vitanda 120, iliendeshwa na watawa kutoka Ubelgiji, na watu walisafiri mwendo mrefu kuifuata dawa yake. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu, zitumike kwa wagonjwa wa nje, kwa wajawazito na kwa waliolazwa. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine zilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, basi.

Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafa. Tume ya kimataifa iliyochunguza jambo hilo iligundua kwamba wagonjwa 85 walikuwa wamedungwa sindano hospitalini humo, na 149 walikuwa wamekaa karibu na wagonjwa au kuwahudumia. Katika wale walioambukizwa kwa sindano peke yake, hakupona hata mmoja. Watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali walikufa, nayo ikafungwa. Huko vijijini wazee walikuwa wamekwisha kuziba njia ili watu wasitembeleane, kama walivyozoea kufanya nyakati za ndui. Mambo hayo mawili, kufungwa kwa hospitali na kuzibwa kwa njia, yalisaidia sana kuuzima ugonjwa, ingawa hakukuwa na chanjo wala dawa.

Habari hii ni chungu kwetu sisi Wakristo, kwa kuwa nyumba ya huruma ndiyo iliyogeuka njia ya mauti. Hakuna aliyetaka mabaya. Palikuwa na uhaba wa vifaa, mazoea ambayo hayakuulizwa, na imani ya watu kwamba dawa ya kweli ni ile ya sindano. Kwa hiyo, anayepima hatari asiishie kuhesabu popo. Na aitazame pia kazi yake njema, aulize inafanywaje.

Mwaka 1995 somo hilo lilirudi huko Kikwit. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mkulima na mchoma makaa aliyefanya kazi msituni karibu na mji. Alifariki mwezi Januari. Ugonjwa ulitembea bila kutambuliwa hadi Mei. Mwezi Aprili mfanyakazi wa maabara alipasuliwa katika hospitali kuu, na waliomhudumia wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Masista sita wa shirika la Poverelle la Bergamo, Italia, walikufa katika muda wa majuma matano hivi. Kati ya wagonjwa 315, watumishi wa afya walikuwa 80. Glavu, mavazi ya kinga, kutenga wagonjwa na mazishi ya uangalifu ndivyo vilivyoufunga mlango.

Daktari Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 alichukua damu ya wagonjwa wa Yambuku kwa mikono mitupu, alikuwepo Kikwit pia. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti walipata baadaye kingamwili iliyotengenezwa kuwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa katika mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, nayo ikaokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, ingawa watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo, waliokufa walikuwa 2,287. Vita, uvumi na kutoaminiana viliuacha mlango wazi pale ambapo sayansi ilikuwa imekwisha kupata ufunguo.

Tena hatari hubadilika hata kama mnyama ni yule yule. Mgonjwa wa kwanza wa mpox kujulikana duniani alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, mwaka 1970. Wakati ule chanjo ya ndui iliwakinga wengi. Ndui ilipokwisha duniani, chanjo ilikoma, na vizazi vilivyofuata vikakua bila kinga hiyo. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilienea Kamituga, Kivu ya Kusini, kutoka mtu kwa mtu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Basi tukitaka kupima hatari katika parokia zetu, tujiulize maswali matatu. Homa isiyoeleweka ikitokea kijijini, ni nani ataambiwa, na baada ya siku ngapi? Zahanati yetu ina sindano na glavu za kutosha, au tunafumba macho kwa kuwa wanaofanya kazi humo ni watu wema? Maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana itaoshwa na nani, na kwa namna gani?

Msamaria mwema hakumhurumia tu yule aliyejeruhiwa njiani. Alikuwa na mafuta na divai, na alijua namna ya kuvitumia. Masista wa Yambuku na wa Kikwit walitoa huruma yao yote. Tunaowaombea tunawiwa kuongeza kile walichokikosa.