Nani Alimpa Joseph Pilates Cheti?

Juzi nilishuti video fupi kwa studio moja ndogo ya Pilates hapa Nairobi. Chumba kimoja juu ya duka la dawa, mikeka minane, mwalimu mmoja. Makubaliano yetu yalikuwa rahisi: mimi namtengenezea video, yeye ananinyoosha mgongo, maana kukaa kwa kompyuta ukihariri usiku kucha kunaumiza hata ukiwa na miaka 22. Video ikafanya vizuri. Halafu komenti iliyopanda juu kabisa ikawa hii: "Kwani huyu ana cheti?"

Iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hilo swali nimelisikia kwa sauti zote: ya mjomba kwenye harusi, ya landilodi, ya mteja anayetafuta njia ya kunipunguzia bei. Nilitaka kujibu palepale kwamba hata Pilates mwenyewe hakuwa na cheti cha Pilates. Lakini nikajiambia, wee, kabla hujafungua mdomo, soma kwanza. Nimesoma. Jibu nimepata, ila si lile nililokuwa nalitaka.

Tuanze na mwenye jina. Joseph Pilates alizaliwa mwaka 1883 Mönchengladbach, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kuugua kila wakati, akakua akijijenga kwa masumbwi na mazoezi ya viungo. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta Uingereza, na kwa sababu alikuwa Mjerumani, akafungiwa kambini kama adui. Kambi ya Knockaloe, kwenye kisiwa cha Isle of Man, ilikuwa na wanaume zaidi ya 20,000. Huko ndiko alikopata muda wa kufikiria mazoezi yake, na wafuasi wake husimulia kwamba alifunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wajinyooshe wakiwa wamelala.

Mwaka 1926 akahamia Marekani. Yeye na Clara, mwenzi wake wa maisha, wakafungua studio katika nambari 939, Eighth Avenue, New York. Mazoezi aliyaita Contrology. Jina la Pilates lilishika baadaye.

Kwa hivyo ndiyo, Joe alijifundisha mwenyewe. Hapo nilikuwa tayari nimeshinda ile kesi yangu ya komenti. Shida ni kwamba hadithi haiishii hapo. Kama ingeishia kwa Joe, mimi na wewe tusingekuwa tunaijua hata hiyo Pilates. Aliyeifikisha hapa si mtu mmoja. Ni walimu wa ile studio.

Wa kwanza ni Clara. Waliopita pale wanamkumbuka Joe kama mtu wa kufoka, na Clara kama mtu wa subira. Mwanafunzi akishindwa na zoezi, au mwili wake ukikataa, Clara ndiye aliyekuwa anatafuta njia nyingine ya kulifanya. Jina lake halikuandikwa kwenye mazoezi, lakini mikono yake ilikuwa ndani.

Kisha wakaja wacheza dansi. Eneo lile lilikuwa limejaa studio za dansi, na magwiji kama George Balanchine na Martha Graham walijua kwamba kuna Mjerumani jirani anayejua kurekebisha miili. Romana Kryzanowska alikuwa mwanafunzi wa Balanchine alipoumia kifundo cha mguu, na Balanchine ndiye aliyempeleka kwa Joe. Romana aliolewa, akaishi Peru kwa miaka mingi, akarudi New York, akarudi studio ileile.

Eve Gentry naye alikuwa mcheza dansi. Mwaka 1955 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi, ule wa zamani uliokuwa unaondoa na misuli ya kifua. Kwa mtu anayekula kwa kuinua mikono jukwaani, hiyo ilikuwa kama hukumu. Akafanya kazi na Joe hadi mkono ukapanda tena, na baadaye akaenda kufundisha Santa Fe, New Mexico.

Carola Trier alikuwa amewakimbia Wanazi, akafungiwa kambini Ufaransa, akafika Marekani na kuishi kwa kucheza sarakasi juu ya viatu vya magurudumu. Mwili ulipogoma, akaenda kwa Joe. Akawa mmoja wa wa kwanza kabisa kufungua studio yao wenyewe kwa baraka zake.

Na sasa msikilize huyu, hasa wewe uliyeandika kwamba Pilates ni kitu cha wazungu. Kathleen Stanford Grant, waliyemwita Kathy, alikuwa Mmarekani mweusi, mcheza dansi kutoka Boston. Alifika pale kwa sababu ya goti. Baadaye akaendesha studio ndani ya Henri Bendel, duka la kifahari New York, kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha New York hadi uzeeni. Kuna zoezi maarufu la Pilates linaloitwa Hundred: unalala chali, unainua miguu na kichwa, unapiga mikono juu chini kwa mpigo wa pumzi huku ukihesabu mapigo ya mikono hadi mia. Watu wengi huanza nalo tu moja kwa moja. Kathy alikataa. Alikuwa na mazoezi yake ya kufanya kabla ya Hundred, kwa sababu aliona kwamba mwili usioandaliwa unadanganya: tumbo halifanyi kazi, shingo ndiyo inateseka. Shingo yangu inaweza kutoa ushahidi.

Angalia hao watu wote. Hakuna aliyeenda 939 kutafuta kazi. Walienda wakichechemea. Wakapona, wakabaki, wakaanza kumshikia mwingine mguu, kumhesabia mwingine pumzi, na siku moja wakajikuta ni walimu. Hakukuwa na wisikendi mbili za mafunzo halafu picha na cheti. Ilikuwa miaka.

Hapo ndipo jibu langu lilipoanza kunigeuka. Mimi nilitaka historia iniambie kwamba cheti hakina maana. Historia ikaniambia mambo mawili mengine.

La kwanza, baadhi yao walikitafuta. Miaka ya 60, Kathy Grant na mwenzake Lolita San Miguel, mcheza ballet mwenye asili ya Puerto Rico, walipata cheti cha ualimu chini ya Joe mwenyewe, kupitia mpango wa jimbo la New York. Hawakuwa wajinga kabla ya cheti, na hawakuona aibu kukichukua. Ni kama fundi wetu wa jua kali aliyechomelea mageti miaka kumi halafu anaenda kufanya mtihani wa NITA. Cheti kinaandika kile ambacho mikono ilishakijua.

La pili ndilo lililonifunga mdomo. Joe alifariki Oktoba 1967 akiwa na miaka 83, na hakuacha utaratibu. Hakukuwa na shule rasmi wala mrithi aliyeandikwa mahali. Clara akaendelea kufundisha peke yake kadiri alivyoweza. Wateja wa studio wakaingilia kati isifungwe, na mwanzoni mwa miaka ya 70 Romana akaishika. Wakati huohuo Ron Fletcher, aliyekuwa mcheza dansi wa Martha Graham, akaipeleka Beverly Hills, na waigizaji wa Hollywood wakaipenda. Kila mwalimu akafundisha alivyomkumbuka Joe, na kila mmoja alimkumbuka tofauti, kwa sababu kila mmoja alienda kwake na jeraha tofauti.

Kisha ukaja ugomvi wa jina. Mtu mmoja akamiliki jina Pilates kama chapa ya biashara, na walimu waliofundisha maisha yao yote wakaambiwa wasilitumie bila ruhusa. Kesi ikaenda mahakamani New York. Oktoba 2000 jaji Miriam Goldman Cedarbaum akaamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si mali ya kampuni.

Kwa mantiki hiyo rafiki yangu anaandika Pilates kwenye mlango wake juu ya duka la dawa bila kumlipa mtu yeyote. Lakini kwa mantiki hiyohiyo hata mtu aliyeangalia video tatu juzi anaandika Pilates kwenye mlango wake pia, na wewe ukaenda na mgongo mzima ukatoka umepinda. Kwa hivyo yule wa komenti hakuwa mjinga. Aliogopa kitu cha kweli. Ila swali lake lilikuwa fupi mno. Angeuliza: ulijifunza kwa nani, na kwa muda gani?

Nikamuuliza mwalimu mwenyewe. Hakukasirika. Akasema, "Miaka mitatu nilikuwa msaidizi. Nilikuwa nafagia, napanga mikeka, nashikilia migongo ya watu huku mwalimu wangu akinisahihisha mikono. Kozi niko nusu, karo iliyobaki naichanga." Akaniomba nisiandike kwenye video kwamba amehitimu. "Andika niko njiani, na umtaje aliyenifundisha." Nikabadilisha maelezo siku hiyohiyo, nikamtaja.

Halafu nikarudi nyumbani na swali likiwa bado mfukoni, safari hii ni langu. Mimi nilijifunza kwa nani? Nimekuwa nikijisifu kwamba niliacha chuo na nikajitengeneza mwenyewe, kama Joe. Lakini Romana, Eve, Carola na Kathy hawakujitengeneza wenyewe. Walisimama karibu na mtu anayejua, wakakubali kusahihishwa mwaka baada ya mwaka. Mimi nikisahihishwa kwenye komenti nafuta komenti.

Sirudi chuo, msianze. Lakini kuna mzee mmoja hapa mtaani amehariri filamu tangu enzi za kanda, na mara mbili ameniambia nipite kwake Jumamosi. Mara mbili nimesema niko bize. Jumamosi hii naenda, na kama atataka nifagie kwanza, nitafagia.

Na wewe, kazi unayoifanya leo, nani alikushika mkono? Mtaje hapo chini kwa jina lake. Picha ukutani huwa ya mmoja tu, wengine tusipowataja sisi hakuna atakayewataja.