Kuziba kwa utumbo baada ya upasuaji

Kuziba kwa utumbo baada ya upasuaji wa tumbo husababishwa zaidi na makovu ya ndani yanayoshikanisha matumbo, wiki chache au hata miaka mingi baada ya mshono kupona. Tumbo husokota na kujaa, mgonjwa hutapika, choo na hewa havitoki. Huzuiwa kula, hutundikiwa dripu na kupitishiwa mpira puani; wengi hufunguka bila kisu. Homa au maumivu yasiyokoma huashiria utumbo kukosa damu, na hapo upasuaji haungojwi. Wa kuangaliwa zaidi ni aliyefanyiwa upasuaji wa Roux-en-Y wa kupunguza uzito: utumbo huweza kupenya kwenye mwanya wa ndani na kujinyonga, bila kutapika, na picha ya CT isionyeshe kitu.