Kubadilisha injini ya Peugeot 504: Vipuri vinavyooana na mahali pa kuvipata

PEUGEOT 504 ni miongoni mwa magari yaliyojipatia heshima kubwa zaidi nchini Kenya. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally mnamo 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, kisha tena 1978 likiwa na Jean-Pierre Nicolas usukani. Kwa miaka mingi pikapu zake zilifungwa bodi na kutumika kama matatu.

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kariobangi, baadhi ya magari hayo yangali yanatunzwa. Mara nyingi bodi huwa nzima ilhali injini imechoka, na hapo mwenye gari hulazimika kutafuta nyingine. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kazi huisha injini inapopatikana. Gharama kubwa hutokana na vitu vinavyoizunguka: giaboksi, klachi, mauntingi, rejeta, nyaya na hati.

Injini za ukoo mmoja

Njia nyepesi ni kubaki katika ukoo wa injini za gari lenyewe. 504 za petroli zilitumia hasa injini mbili: XM7 ya sentimita za ujazo 1,796 na XN1 ya 1,971. Zote mbili huenda mwendo wa pistoni wa milimita 81. Tofauti ni upana wa silinda, ambao ni milimita 84 kwa XM7 na 88 kwa XN1.

Kwa kuwa kwa nje injini hizo hufanana sana, mnunuzi asitegemee macho pekee. Pistoni, ringi na gasketi ya kichwa zilizokusudiwa silinda za milimita 84 hazifai kwa zile za 88. Ni muhimu kusoma namba iliyogongwa kwenye bloku kabla ya kuagiza kipuri chochote.

Peugeot 505, lililofuata 504, pia lilitumia XM7 na XN1. Kwa hivyo 505 lililokwisha bodi linaweza kuwa chimbuko zuri la injini. Anayependelea dizeli anaweza kutafuta XD2 ya sentimita za ujazo 2,304, iliyofungwa kiwandani katika magari yote mawili. Hata hivyo, dizeli ni nzito zaidi na huhitaji betri yenye nguvu, springi imara za mbele na waya za plagi za kupasha moto.

Injini za kampuni nyingine

Baadhi ya mafundi hupendekeza injini ya Toyota au Nissan kwa sababu vipuri vyake hupatikana kila mahali. Linawezekana, lakini 504 lina maumbile yake. Propela shafti yake huzunguka ndani ya bomba la chuma linalounganisha giaboksi na difu. Akiondoa giaboksi ya Peugeot, fundi atalazimika kubadilisha pia mfumo mzima wa nyuma.

Njia nyingine ni kuacha giaboksi asilia na kuchongesha bamba la chuma la kuiunganisha na injini ngeni. Kazi hiyo ni ya mchongaji mwenye mashine ya lethi, si ya kukisia. Shafti ya giaboksi na krenki zisipokuwa katika mstari mmoja, klachi na beringi zitaharibika upesi.

Aidha, injini ya 504 hulala upande. Kabla ya kununua inayosimama wima, mwenye gari apime nafasi iliyopo chini ya boneti, na ahakikishe kwamba karai la oili halitagusa usukani. Ikiwa injini inatawaliwa na kompyuta, inafaa kununuliwa pamoja na nyaya, vihisio na kompyuta yake.

Mahali pa kutafuta

Kanuni za Kenya huzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa sababu hiyo, gari la 504 la kukatwa vipuri hutafutwa humu nchini. Wengi huanzia Barabara ya Kirinyaga, inayoitwa Grogan hadi leo, kisha gereji za Shauri Moyo na Kariobangi Light Industries, ambako pia kuna wachomeleaji na wachongaji wa vyuma.

Injini ikionekana, izungushwe kwa mkono na kupimwa mgandamizo katika kila silinda. Mikebe ya silinda za 504 huzungukwa na maji na huweza kutolewa, jambo linalorahisisha ukarabati. Lakini mipira yake ya chini ikichakaa, maji huingia katika oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ishara ya kutosha ya kuahirisha malipo.

Hati

Kila injini ina namba, na namba hiyo huandikwa katika hati ya usajili, maarufu kama logibuku. Injini ikibadilishwa, ni sharti mabadiliko yasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2012. Pasipo kufanya hivyo, mwenye gari anaweza kutatizika wakati wa ukaguzi, wa kuliuza au wa kudai fidia ya bima.

Hatari kubwa zaidi ni kununua mali ya wizi. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, anayepatikana na hatia ya kupokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kwa hivyo, kabla ya pesa kutolewa, muuzaji aonyeshe hati za gari ambamo injini ilitoka au za kuiingiza nchini, na aandike risiti yenye jina lake, tarehe na namba ya injini. Namba iliyokwanguliwa au kugongwa upya ni sababu ya kuondoka, hata bei ikiwa ya kutupa.