Kutoka Land Rover Hadi Prado: Ndinga za Familia Masasi na Newala

Msimu wa korosho ukilipa, Masasi na Newala pesa haijifichi. Kuna anayeezeka bati, kuna anayeoa, na kuna anayeshusha ndinga ya familia. Ila kabla hujamcheka jamaa aliyeacha Harrier akachukua Prado ya zamani, pata historia kwanza.

Enzi hizo mfalme alikuwa Land Rover. Ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, bodi ya aluminiamu, maana chuma kule Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita. Huku Kusini ilikuwa gari ya serikali na misheni. Mtu binafsi kuwa nayo? Ndoto! Viti vigumu, vumbi linaingia kila upande, lakini mlima wa Newala inapanda, na fundi anaitengeneza chini ya mwembe.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika Dar. Toyota wakatoa RAV4 mwaka 1994: umbo la kibabe, chini imejengwa kama gari ndogo. 1996 ikaja Prado ya pili, 1997 Harrier, na mwaka 2000 Nissan wakajibu na X-Trail.

Ubishi ukaanzia hapo. Harrier hizo za mwanzo ni tamu, ndani kama sebule, ila ni ya watu 5. Prado ina chesisi yake chini, matoleo mengi yanabeba watu 7 au 8, na nyuma madumu ya maji yanakaa. Usicheke: uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu enzi za mababu.

Halafu barabara. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika safari ya Dar ilikuwa bahati nasibu. Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, lami yake imekuwa ikijengwa kwa vipande. Ndiyo maana mtu wa Dar anachagua gari kwa muonekano, wa Newala anachagua kwa matope.

Sasa njoo kwenye hela. RAV4 ya cc 1,998 inaangukia ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, Prado ya petroli ya cc 2,694 asilimia 10. Bado ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18. Gari likizidi miaka 8, unaongezwa ushuru wa uchakavu. Bei ya Japani ni mwanzo tu wa stori.

Na korosho nayo haina ahadi. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo. Wapo wakulima waliosubiri malipo yao miezi. Msimu kama ule, gari linalokunywa mafuta linagombana na ada ya shule ya Januari, na ada haisubiri.

Kwa hiyo thamani ya gari la familia huku haipimwi siku ya kulinunua. Inapimwa msimu mbaya: spea zipo Masasi? Mafuta unayamudu? Ukikwama, kuna atakayelinunua wiki hiyo hiyo?

Haya, ungekuwa wewe, ungeshusha ipi?